Kushuka Andes kwa Baiskeli: Maamuzi Yafanywe Bondeni

Mtu akisikia kwamba njia ya baiskeli inateremka mita 1,500, hujiambia kwamba kazi hapo ni ya mlima, yake ni kushika usukani tu. Kwenye kilima cha kawaida fikra hiyo ina ukweli wake. Kwenye milima ya Andes inageuka mtego, kwa sababu mteremko unaanzia mahali ambapo hewa ni nyepesi, baridi inagandisha maji na kichwa hakifanyi kazi kwa wepesi wake wa kila siku.

Makala haya ni ya msomaji ambaye tayari anaijua baiskeli ya milimani. Huenda ameshashuka Lushoto, vilima vya Ngong au ukingo wa Iten kuelekea bonde la Kerio, na sasa anaweka akiba ya kwenda Peru. Nitatumia njia moja kama mfano: ile inayoanzia Abra Málaga, mita 4,316 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo barabara ya kwenda upande wa Quillabamba inavuka mgongo wa milima. Chini yake upo mji wa Ollantaytambo, kwenye mita 2,800 hivi, ndani ya Bonde Takatifu la Wainka katika mkoa wa Cusco. Ni huko huko yanakofanyika mashindano ya Inca Avalanche, ambayo washiriki wake huanza pamoja juu kabisa na kukimbizana hadi bondeni.

Yote nitakayoshauri yanatokana na jambo moja. Juu kule akili huchoka kabla ya miguu. Kwa hiyo kila uamuzi unaoweza kufanywa bondeni ufanywe bondeni, kabla hujapanda gari la kukupeleka juu.

Hewa inavyokudanganya

Watu husema kwamba juu ya milima hakuna oksijeni. Oksijeni ipo, na ni asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Mombasa au Dar es Salaam. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yenyewe. Abra Málaga kanieneo hiyo ni takriban asilimia 60 ya ile ya ufukweni, hivyo kila pumzi unayovuta inabeba oksijeni kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Mgeni anayefika huko hupoteza robo au zaidi ya uwezo wake wa kufanya kazi nzito.

Aliyepanda Kilimanjaro anaweza kupima kwa kumbukumbu zake. Abra Málaga iko juu ya Horombo, yenye mita 3,720, na chini kidogo ya Kibo, yenye mita 4,700 hivi. Tofauti ni kwamba Kibo hufikiwa kwa miguu baada ya kulala njiani, na mwili hupata siku kadhaa za kujirekebisha. Abra Málaga hufikiwa kwa gari. Unatoka Ollantaytambo baada ya chai, na kabla ya saa mbili kupita umeshaongeza mita 1,500 ukiwa umeketi. Mkazi wa Nairobi, anayeishi kwenye mita 1,800 hivi, ana nafuu kidogo kuliko mtu wa pwani, na wa Iten ana nafuu zaidi. Lakini hakuna kati yao ambaye mwili wake umezoea mita 4,300.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalitambui. Ugonjwa wa mwinuko, ambao wenyeji huuita soroche, huchukua saa kadhaa kujitokeza: maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Mtu anaweza kupanda kwa gari na kushuka kwa baiskeli kabla haujamfikia, akadhani ameponea. Upungufu wa oksijeni kwenye ubongo, kwa upande wake, hausubiri saa kadhaa. Mara tu unapofika, macho huchelewa kidogo kusoma jiwe lililo mbele, mkono huchelewa kidogo kushika breki, na mtu hujiamini kuliko anavyostahili. Kwenye njia nyembamba yenye mawe, kuchelewa kidogo ndiko kunakomwangusha mtu.

Wala si habari mpya. Padre Mhispania José de Acosta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1590, alisimulia jinsi alivyotapika na kudhoofika alipokuwa akivuka milima ya Pariacaca nchini Peru, na akahisi kwamba chanzo ni hewa ya huko kuwa nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Hakuwa na kipimo chochote, ila mwili wake mwenyewe.

Kabla hujaondoka nyumbani

Anza kwa daktari, miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Kuna swali moja ambalo vitabu vya wasafiri wa Ulaya hulipitia juu juu, nalo linatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki: selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye mwinuko huo kwa mchezo. Lakini hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye ameishi maisha yake yote bila dalili yoyote, anaweza kudhurika kwenye bandama akipanda juu sana na kujichosha. Wengi wana kinasaba hicho bila kujua. Kipimo chake ni cha damu. Kapime, upate majibu, umwonyeshe daktari. Na ukiwa kule ukapata maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, usiyahesabu kuwa kichomi cha uchovu. Shuka na uende hospitali.

Ipo dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, acetazolamide, ambayo daktari anaweza kukuandikia uanze siku moja kabla ya kupanda. Mweleze kama uliwahi kudhuriwa na dawa za salfa, zikiwemo zile za malaria za zamani ambazo wengi wetu tulizimeza, kwa sababu acetazolamide ina undugu nazo. Imeze kwanza nyumbani ujue mwili wako unaipokeaje. Hukojoza sana na huweza kuchoma-choma vidole, na si vizuri kukutana na hali hiyo kwa mara ya kwanza ukiwa safarini.

Soma bima yako ya safari neno kwa neno. Bima nyingi hutaja mwinuko ambao ukishauvuka hazilipi, na nyingine huutoa mchezo wa baiskeli milimani katika orodha ya yanayolipiwa. Tafuta inayotaja kwa maandishi baiskeli, mwinuko unaokwenda na gharama za uokoaji. Chukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Peru imo katika nchi zenye maambukizi kwa sababu ya misitu yake ya Amazon, na unaporudi nyumbani maofisa wa afya mpakani wanaweza kuidai.

Mazoezi yawe ya kushuka kwa muda mrefu, si ya kupanda pekee. Kushuka kwa saa tatu ukiwa umesimama kwenye pedali ni sawa na kuchuchumaa nusu kwa saa tatu: mapaja huwaka moto, vidole hukakamaa, mgongo wa chini hulalamika. Tafuta mteremko mrefu ulio karibu nawe, uushuke mara nyingi siku hiyo hiyo bila kukaa kitini.

Siku za kwanza: lala chini

Ndege kutoka Lima, mji wa pwani, hukushusha Cusco kwenye mita 3,400. Kosa la kawaida ni kulala hapo hapo usiku wa kwanza, na kesho yake kukodi baiskeli. Ukitoka uwanja wa ndege panda gari moja kwa moja hadi Urubamba au Ollantaytambo, chini kwa mita 500 au zaidi. Lala huko siku tatu au nne za mwanzo. Kanuni ya wapanda milima wote ni hii: mchana panda, usiku lala chini. Na ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja.

Siku ya kwanza tembea mjini tu. Ya pili, tembea kwenye magofu ya Ollantaytambo, ambayo ngazi zake zitakueleza hali ya mapafu yako bila kukuficha. Ya tatu, endesha taratibu kwenye tambarare ya Maras na Moray, karibu mita 3,400. Abra Málaga ingoje siku ya tano au ya sita.

Kunywa maji mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya juu ni kavu na hukuibia maji kwa kila pumzi. Kula wanga hata kama hamu haipo. Supu ya kinoa na viazi vya huko ni chakula cha kazi. Pombe na dawa za usingizi ziache kabisa usiku wa mwanzo, maana hupunguza pumzi ukiwa umelala. Usishtuke ukiamka usiku ukihema. Kupumua kwa mawimbi usingizini ni jambo la kawaida kwa mgeni.

Hoteli zitakupa chai ya majani ya koka. Nchini Peru ni halali na ni desturi, na wengi husema inawapa nafuu. Haichukui nafasi ya siku za kuzoea. Ila jua mambo mawili: kikombe kimoja kinaweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya, jambo zito kwa mwanariadha au mfanyakazi anayepimwa kazini, na majani yenyewe ni haramu katika nchi nyingi. Usirudi nyumbani na hata pakiti moja kwenye begi.

Baiskeli: mkono upi ni wa mbele?

Unaweza kusafiri na baiskeli yako au kukodi Cusco na Ollantaytambo. Kukodi hukuepusha na gharama za ndege, lakini kunakudai ukaguzi wa makini. Unahitaji baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski za mafuta, na matairi mapana yasiyotumia tyubu, yenye dawa ya kuziba pancha ndani. Sehemu za chini za bonde zina dungusi na miiba ya kila aina, na tairi la tyubu halitafika.

Kabla ya yote, bonyeza breki ujue ipi ni ya wapi. Baiskeli nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele. Huko Amerika mara nyingi ni kinyume, wa kushoto ndio wa mbele. Bondeni utalikumbuka hilo vizuri. Kwenye mita 4,200, jiwe likikutokea ghafla, mkono utafuata mazoea ya miaka yote, utakamata breki ya mbele ukidhani ni ya nyuma, na baiskeli itakupindua juu ya usukani. Mwombe fundi abadilishe mikono ya breki. Ikishindikana, endesha baiskeli hiyo siku mbili nzima kwenye njia nyepesi hadi mikono ijifunze upya. Kwa sababu hiyo hiyo kumbuka kwamba magari Peru hupita kulia. Utakapoivuka au kuifuata lami, tazama upande sahihi.

Pedi za breki ziwe za chuma, ambazo huvumilia joto kuliko zile laini, na ubebe seti moja ya akiba. Mshuko mrefu huchemsha diski, na hewa nyepesi hupoza polepole kuliko hewa ya chini. Mkono wa breki ukianza kuzama karibu na usukani, au ukinusa harufu ya kuungua, simama upumzishe breki, na usiiguse diski kwa kidole.

Upepo wa tairi nao una hesabu yake. Ukijaza psi 24 Lima, kule juu kipimo kinaweza kusoma karibu 30, kwa kuwa hewa ya nje inayolibana tairi imepungua. Tairi gumu hivyo hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Likijazwa Ollantaytambo tofauti ni ndogo, na baridi ya juu huifuta sehemu kubwa. Beba kipimo chako mwenyewe, upime ukiwa juu. Pampu ya mkono itakudai mapigo mengi kuliko nyumbani, basi uwe na subira.

Mkobani weka tyubu moja ya akiba, vizibo vya tairi, kiungo cha mnyororo, alenki za ukubwa wote, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kipande hicho hutofautiana kwa kila baiskeli, kwa hiyo mdai mwenye duka akupe cha baiskeli ile ile uliyokodi. Jiwe moja hukivunja, na bila cha akiba utasukuma baiskeli hadi nyumbani.

Masharti ya kuahirisha

Msimu wa ukavu ni kuanzia Mei hadi Septemba, nao ndio wa kwenda. Januari na Februari mvua ni nyingi na milima hubomoka. Mwaka 2010 mafuriko ya Januari yalikata reli ya Machu Picchu na watalii wengi wakakwama. Njia maarufu ya Wainka ya kwenda huko hufungwa kila Februari kwa matengenezo.

Usiku wa kuamkia safari, andikeni kwenye karatasi masharti ya kutokwenda, nyote mkubaliane. Mimi ningependekeza haya. Anayeamka na maumivu ya kichwa yasiyotulia, au aliyeshindwa kula kifungua kinywa, haendi. Kikundi kisipokuwa juu tayari kuanza ifikapo saa nne asubuhi, kinarudi kwa gari. Wingu likifunika njia, mnashuka kwa lami. Anayeshindwa kutembea hatua kumi kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, hashuki kwa baiskeli wala habaki juu. Anashushwa mara moja, kwa sababu kuyumba huko ni dalili ya ubongo kuvimba. Anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa bila kukoma, naye anashushwa bila mjadala. Tiba ya kwanza ya hali zote mbili ni kushuka.

Karatasi hiyo ina faida moja kubwa: inaondoa aibu. Juu ya mlima, baada ya gharama zote za safari, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Kama yameandikwa, hakuna anayelazimika kusema.

Msianze mapema mno pia. Juni na Julai usiku wa juu huganda, na barafu nyembamba hubaki kivulini hadi jua lipande. Saa tatu asubuhi ni wakati mzuri. Jua huzama kidogo kabla ya saa kumi na mbili jioni, nalo bonde huingia kivuli mapema zaidi.

Vaa tabaka: nguo ya ndani ya kukausha jasho, ya kati ya joto, ya juu ya kuzuia upepo. Glavu ziwe za kufunika vidole vyote, helmeti iwe ya kufunika uso, magoti yawe na kinga. Miale ya jua ya Andes ni kati ya mikali zaidi duniani, hata siku ya baridi, na ngozi nyeusi nayo huungua. Paka mafuta ya kuzuia jua, midomo ikiwemo, na vaa miwani. Simu iweke kifuani, maana baridi huiua betri, na pakua ramani kabla, kwa kuwa mtandao haupo kila mahali. Namba za dharura Peru ni 106 kwa gari la wagonjwa, 116 kwa zimamoto na 105 kwa polisi.

Njiani

Njia ya asili haikujengwa kwa ajili ya gurudumu. Walioichonga ni wakulima, llama na maji ya mvua, na Wainka wenyewe, waliojenga mtandao wa barabara wa takriban kilomita 30,000, hawakutumia magurudumu hata kidogo. Ngazi zao zilipimwa kwa hatua ya mtu na kwato ya mnyama. Basi usitegemee kona iliyoinuliwa ukingo ikupokee, wala alama ya kukuonya kwamba mbele pana shimo. Usichokiona usikipite kwa mwendo. Shuka, tembea ukakitazame, kisha uamue.

Sehemu ya juu ni puna, nyika ya majani magumu ya ichu. Hapo mtu hushawishika kukimbia kwa sababu panaonekana wazi. Lakini ichu huficha mawe na mifereji, na matope ya chemchemi humeza gurudumu la mbele. Sehemu hizo zenye maji ni malisho na akiba ya maji ya wafugaji, basi zizunguke hata kama njia ya mkato inapita katikati. Nusu saa hii ya kwanza iendeshe kwa mwendo ambao ungeuonea haya nyumbani. Ukikutana na kilima kidogo, shuka usukume. Kukanyaga kwa nguvu kwa nusu dakika tu kunaweza kukuacha ukihema kwa dakika kadhaa, na ni katika dakika hizo ambapo watu huanguka. Usipande tena baiskeli hadi uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi.

Chini ya puna njia hubanwa: mawe, kuta za mashamba, ngazi, mifereji ya umwagiliaji inayokatiza. Hapa breki ndiyo kazi. Usiziburute mfululizo. Shika kwa nguvu kabla ya kona mahali penye udongo mzuri, kisha achia uipite. Pedali ziwe sawa kwa sawa, visigino viteremke, macho yawe mbali na si kwenye gurudumu. Pumzika kabla ya sehemu ngumu, wala si katikati yake. Vidole vikianza kufa ganzi, simama hata kama wenzako wanaendelea.

Wa mbele asubiri kwenye kila njia panda hadi amwone wa nyuma, na wa nyuma ndiye abebe sanduku la huduma ya kwanza. Msipungue watatu, ili akiumia mmoja, mwingine abaki naye na wa tatu afuate msaada. Mwongozaji mwenyeji ni wa lazima kwa mara ya kwanza: anajua ni wapi njia inapokaribia lami, na huko ndiko kwa kutokea mambo yakiharibika. Kuteleza si kuanguka, ila aliyeteleza mara mbili ndani ya dakika kumi ameshapata taarifa ya mwili wake.

Sehemu ya mwisho ina vumbi, mikaratusi, mashamba ya mahindi na nyumba za watu. Hewa imekuwa nzito, mtu anajisikia mzima, na mwendo unapanda wenyewe. Kumbuka kwamba mikono na mapaja vimechoka kwa saa kadhaa. Magome makavu ya mikaratusi huteleza, na watoto hutokea shuleni.

Wenye njia

Njia hii ni ya watu wanaoitumia kila siku, wengi wao wasemaji wa Kiquechua. Wasalimie. "Allillanchu" hufungua nyuso kuliko kengele yoyote. Ukikutana na llama au punda wenye mizigo, simama upande wa mlima, si upande wa bonde, wasije wakakusukuma chini. Mbwa wa wafugaji hufukuza kinachokimbia: shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, tembea. Mageti ya mashamba yaache kama ulivyoyakuta, na kama jamii ya hapo ina ada ya kupita, lipa.

Mahali pa juu utaona marundo ya mawe yaitwayo apacheta, yaliyowekwa na wapitaji kwa ajili ya Pachamama, mama wa ardhi. Usiondoe jiwe wala kuegemeza baiskeli juu yake. Barabara kuu ya Wainka, Qhapaq Ñan, inayopita nchi sita, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Baadhi ya vipande vyake vimefungwa kwa baiskeli, ikiwemo njia maarufu ya Machu Picchu. Mwongozaji akikuambia shuka ubebe, beba.

Ratiba ikikubana

Likizo zetu si ndefu, na nauli ya kufika Peru si ndogo. Wengi watajikuta na siku tatu tu mkononi, wakajaribiwa kukata siku za kuzoea ili Abra Málaga isiwaponyoke. Ukiwa katika hali hiyo, iache Abra Málaga. Chukua njia za Maras: unaanza kwenye tambarare ya mita 3,400 hivi, unapita karibu na duara za mashamba ya Moray, kisha unashuka kando ya mabwawa ya chumvi yanayomilikiwa na familia za wenyeji hadi mto Urubamba. Mteremko wake ni kama theluthi moja ya ule mwingine, mawe yapo, mandhari yapo, na mwili wa siku ya tatu unaumudu.

Uamuzi huo ufanye unaponunua tiketi ya ndege, hesabu ya siku ikiwa mbele yako. Ukiungojea hadi Ollantaytambo, utaufanya ukitazama mlima na marafiki wakikuhimiza. Ukiungojea hadi juu, utaufanya kwa kichwa kilichopungukiwa na hewa.